Malalamiko kuhusu PS5 Pro niliyouziwa kwa maelezo yasiyo ya kweli

Ukumbi wa Gemu,
Kondele, Kisumu.
10 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Tawi la Kisumu.

Bwana Meneja,

MINT: KUVUNJA BIASHARA YA KUBADILISHANA MASHINE

Mwezi wa Desemba nilileta dukani kwenu mashine mbili nzima: PlayStation 5 ya kawaida, ile yenye mahali pa kutia diski, na PlayStation 4. Mlizikadiria kwa jumla ya shilingi 65,000. Niliongeza 60,000 taslimu nikaondoka na PS5 Pro moja. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Naomba biashara hiyo ivunjwe, kwa sababu muuzaji wenu alinidanganya jambo moja na kunificha lingine.

Aliniambia kwamba gemu mpya hazitachezeka tena kwenye PS5 ya kawaida, na kwamba wateja wangu wangefika mlangoni na kugeuka kurudi. Si kweli. Pro ilitoka Novemba 2024 na inachezesha gemu zile zile za PS5. Sony, watengenezaji wa PlayStation, walifanya vivyo hivyo mwaka 2016 walipotoa PS4 Pro: gemu zilitakiwa zichezeke pia kwenye PS4 ya kwanza. Mashine hizi za katikati ya kizazi, yaani zinazotoka kabla ya PlayStation ya namba inayofuata, huongeza ung'avu wa picha na wepesi wa mwendo, basi. Kampuni gani itawafungia mlango mamilioni ya watu walionunua PS5 tangu 2020, ilhali hao ndio wanunuzi wa gemu? (Nintendo, kampuni nyingine ya gemu, waliwahi kutoa gemu chache za New 3DS pekee, mashine yao ya katikati ya kizazi, lakini hiyo ni mashine ya mkononi, na sijaona ukumbi wa Kondele ulio nayo.)

Alichonificha ni kwamba Pro haina mahali pa kutia diski. Nilifungua boksi mbele ya vijana sita waliokuwa wakingoja zamu, nikawa naigeuza huku na kule, nao wakicheka. Kifaa cha kusomea diski huuzwa kando. Marekani kilitangazwa kwa karibu dola 80, juu ya dola 700 za mashine, na hata stendi ya kuisimamisha wima hununuliwa peke yake. Tena kifaa hicho kinataka intaneti kinapounganishwa mara ya kwanza. Ili nisifunge ukumbi ilibidi ninunue upya mtandaoni gemu ya mpira ambayo diski yake iko kwenye rafu yangu, nikaipakua usiku kucha kwa bando la simu.

Sasa niwape hesabu ya ukumbi, maana nadhani muuzaji wenu hajawahi kukaa kwenye benchi la ukumbi. Mechi moja ya FIFA kwangu ni shilingi 20. (Jina lilishabadilika kuwa EA Sports FC tangu 2023, lakini nani anasema hivyo?) Mechi haiishi upesi eti kwa sababu nyasi zinang'aa, na hakuna kijana atakayenilipa 30 kwa sababu ya nyasi. Ninachouza mimi ni nafasi ya kukaa. Mashine mbili zilikuwa zikikalisha vijana wanne, padi nne mkononi; hii moja inakalisha wawili, na wengine wanavuka barabara kwa jirani. Ile PS4 mliyoiita chuma chakavu haikuwa ikipumzika Ijumaa jioni. Isitoshe, televisheni zangu ni za inchi 32 na hazina 4K, ile picha kali ya skrini za kisasa, ambako nguvu ya Pro ndiko huonekana hasa. Nilimwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika risiti.

Sisemi Pro ni mashine mbovu. Kwa Sony ina faida yake: inamzuia mteja mwenye pesa na skrini kubwa asihamie kwenye kompyuta kabla kizazi hakijaisha. Hata hivyo, PS4 Pro ilipotoka kwa dola 399, ile ya kawaida ilikuwa imeshuka kutoka 399 hadi 299, kwa hiyo mnyonge naye alipata mlango wake. Safari hii PS5 yenye diski ilianza kwa 499 mwaka 2020, na Pro ilipoingia sokoni bei hiyo ilikuwa bado pale pale Marekani. Kwa mtu wa ukumbi, PS5 ya pili ya kawaida ingekuwa na maana kuliko Pro, na ninyi mnaojua bidhaa ndio mliopaswa kuniambia.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Naomba mnirudishie mashine zangu mbili na shilingi 60,000 katika siku 14. Kama mmeshaziuza, nipeni nyingine za aina hiyo hiyo zilizo nzima. Mapato niliyopoteza siyadai, wala pesa za bando. Mkinyamaza, nitapeleka risiti hii Mahakama ya Madai Madogo.

Pro haina mkwaruzo, na boksi lake nimelihifadhi. Naweza kuileta siku yoyote kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya hapo vijana wanatoka shule, na kwa sasa sina mashine nyingine ya kuwawekea.

Wako mwaminifu,
Mwenye ukumbi, Kondele