Nairobi isomeshwe kwa miguu

Mhariri,

Mabasi ya shule hayakosi nje ya KICC, lile jumba refu la mikutano, msimu wa ziara ukifika. Watoto hupanda juu, hupigwa picha, hununuliwa soda, wakarudi zao. Waulize kesho yake mji huu ulianzaje: 1899, 1950, 1963, wanakutajia kama wasomao nambari ya simu.

Kutoka Makumbusho ya Reli hadi Harry Thuku Road hakufiki kilomita nne, na njiani mna mambo ya kutosha kumsomesha mwanafunzi muhula mzima. Shida ni kwamba hatuipangi safari yenyewe.

Ianzie relini, kwa maana mji ulianzia hapo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika mwishoni mwa Mei 1899, ikasimama penye maji na uwanda tambarare, kabla ya mlima wa kuelekea Limuru na mteremko wa Bonde la Ufa. Karakana, stoo na makao makuu ya reli vikawekwa hapo hapo. Hakuna aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga jiji. Ndiyo maana walijenga kwenye kinamasi, juu ya udongo mweusi unaoshika maji, na mwaka 1902 tauni ilipozuka soko la Wahindi likatiwa moto. Mwanafunzi akilielewa hilo, mafuriko ya Aprili hayatamshangaza tena.

Ila mwalimu asiwaambie watoto kwamba palikuwa pori lisilo na mwenyewe. Enkare Nairobi, maji baridi, ni Kimaasai. Wamaasai walinywesha mifugo yao hapa, na mkataba wa 1904 na Waingereza ndio uliowasukuma Laikipia na kusini mwa reli. Na tukiwa kwenye tarehe: vitabu vingine huandika kwamba makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihama kutoka Mombasa mwaka 1905, vingine 1907. Mtoto asikatwe alama kwa sababu ya kitabu alichonunuliwa. Awekewe vyote viwili mezani, aulizwe kwa nini vinatofautiana.

Kazi iliyo muhimu kuliko zote hufanywa wiki mbili kabla ya safari. Tafuteni ramani ya katikati ya mji ya kabla ya uhuru, mtoe nakala kubwa, moja kwa kila wanafunzi watatu. Majina ya zamani waachiwe yalivyo. Ya sasa wayaandike wenyewe kwa kalamu nyekundu. Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Hardinge Street ni Kimathi Street, Government Road ni Moi Avenue, Victoria Street ni Tom Mboya Street. Nje kidogo, Doonholm Road ndiyo Jogoo Road. Watatu kwa karatasi moja wanatosha. Wakiwa sita, wawili wanaandika na wanne wanapiga soga.

Hapa pana mtego ambao hata walimu hunaswa. Tom Mboya, aliyekuwa waziri, alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, na wengi huwapeleka watoto Tom Mboya Street kuwaonyesha mahali. Aliuawa Government Road, yaani Moi Avenue ya leo, na sanamu yake iko huko huko, jirani na Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa. Aliyechora ramani kwa mkono wake hakosei tena.

Kituo kinachorukwa mno ni sanamu za askari za Kenyatta Avenue, zilizowekwa mwaka 1928. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwanafunzi mmoja asome ya Kiswahili kwa sauti, kisha waulizwe yule hamali aliyechongwa pamoja na askari anatafuta nini kati ya watu wenye bunduki. Jibu liko mtaa wa Kariokor, jina lililotoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo, na watoto hulipenda sana jambo hilo.

Mpango wenyewe: siku ya kazi, saa tatu asubuhi, wanaoingia mjini wakiwa wamepungua. Mtu mzima mmoja kwa watoto tisa, mmoja akae nyuma kabisa. Msafara mrefu ukikatwa na taa za Haile Selassie Avenue, nusu ya darasa hubaki ng'ambo. Kila mtu apitie msalani kabla ya kutoka makumbusho. Vituo visizidi sita, dakika kumi na tano kila kimoja; kufikia cha nane hamna anayesikiliza.

Swali la kwa nini Muthaiga, mtaa wa matajiri, nyumba zimeachana na Pumwani, mtaa wa Waafrika tangu ukoloni, zimebanana libaki la darasani, maana linataka ramani ya jiji zima. Mwalimu aanzie ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya wa enzi ya ukoloni, aliyependekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu kwa kisingizio cha afya, kisha aonyeshe mitaa ya Waafrika ilivyopangwa mashariki, upande wa reli na viwanda.

Safari iishie Harry Thuku Road, karibu na hoteli ya Norfolk. Thuku, mpinzani wa ukoloni, alikamatwa Machi 1922 kwa kupinga kodi na kipande, kile kitambulisho walicholazimishwa Waafrika kukibeba. Tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliosita, na bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hapo mwalimu anyamaze. Watoto wapewe dakika kumi, waandike ni jina la nani liko kwenye kibao cha barabara, na ni la nani halipo.

Mwalimu wa Historia,
Nairobi