Lile jambo la ukurasa wa sita lilete mbele

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na nyumbani wote hawajambo. Barua yako niliipata pamoja na nakala ya ripoti, nami nimeisoma yote mpaka viambatisho. Umeniuliza kwa nini wakuu wako huipokea kila robo ya mwaka, wakakushukuru, kisha lisifanyike lolote. Nitakujibu bila kuzunguka, maana najua kazi hii unaipenda.

Hesabu zako ni safi. Lakini jambo zito kuliko yote umeliweka ukurasa wa sita, chini ya jedwali la tatu: kati ya kila wateja 10 wanaojaza fomu yenu wakafika hatua ya kupakia kitambulisho, 4 huishia hapo hapo. Kabla ya kulifikia, msomaji amepitishwa kwenye chanzo cha data, namna ulivyoisafisha, programu uliyotumia, na grafu kadhaa ambazo hazimwambii afanye nini. Umeandika kwa mpangilio ule ule uliofanyia kazi. Mpangilio huo una mahali pake, kwa wenzako watakaotaka kuhakiki. Mkuu wa idara anayeingia kikaoni muda si mrefu anataka jibu kwanza, sababu zake baadaye, na maelezo ya hesabu mwisho kabisa.

Usidhani nasemea urembo wa maandishi. Kumbuka chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia. Kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walipima hatari na kuwaonyesha wakubwa slaidi zao. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha kutuliza nyoyo, kinachosema data ya majaribio inaonyesha kwamba makadirio yameegemea upande wa usalama. Habari yenyewe ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: majaribio yale yalifanywa kwa vipande vidogo mno, na kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa mara 640 zaidi. Kwa maneno mengine, majaribio hayakuwa na uwezo wa kumhakikishia mtu yeyote usalama. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wote 7 waliokuwamo wakafa.

Bodi iliyochunguza ajali iliijadili slaidi hiyo katika ripoti yake ya Agosti 2003, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeweza kuisoma asitambue kwamba inahusu hatari ya maisha. Ajali ilikuwa na sababu nyingi, na si haki kuitwika slaidi mzigo wote. Linaloniuma ni kwamba ukweli ulikuwa umeandikwa, tena na watu waliojua kazi yao, na bado haukuwafikia waliotakiwa kuamua.

Kwa hiyo kichwa chako cha “Uchambuzi wa Fomu, Robo ya Pili” kifute. Andika: “Wateja 4 kati ya 10 hutuacha kwenye hatua ya kitambulisho, tunaomba ruhusa ya kuihamishia mwisho wa fomu.” Asiyesoma neno lingine atakuwa ameshajua kuna nini na anaombwa nini. Hata grafu ipe kichwa cha namna hiyo, sentensi kamili inayosema grafu imeonyesha nini.

Sasa lile la malalamiko. Umeandika kwamba “yameongezeka kwa asilimia 50”, nikashtuka, kumbe yametoka 4 yakawa 6. Hujasema uongo, ila umemwachia msomaji hofu isiyolingana na jambo lenyewe. Hofu ya namna hiyo ina gharama. Mwezi wa Oktoba 1995 wanawake wa Uingereza walitangaziwa kwamba aina fulani za vidonge vya kuzuia mimba zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu yenyewe ilikuwa kutoka mwanamke 1 hivi kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa woga, na mwaka uliofuata mimba zilizotolewa zikaongezeka. Zaidi ya hayo, ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Ndiyo maana nakusihi: kila unapotaja asilimia, taja pia ni ya wangapi. Na kiwango kikipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, sema kimepanda kwa pointi 2 za asilimia, kisha toa idadi ya watu.

Wastani nao utazame upya. Siku 5 za kujibu malalamiko zinasikika vizuri, lakini kwenye jedwali lako naona wengi walijibiwa ndani ya siku 2 na wachache wakasubiri zaidi ya wiki. Hao wachache ndio habari.

Mahali ninapopingana nawe kabisa ni pale unaposema simu ndiyo sababu ya watu kuacha fomu. Data yako inaonyesha tu kwamba wanaotumia simu huacha zaidi. Huenda ni simu. Huenda pia wengi wao ni wateja wapya, ambao wangeacha hata kwenye kompyuta. Liseme hivyo waziwazi, palepale unapotoa dai, usilisukume kwenye tanbihi. Kisha pendekeza jaribio: kwa wiki kadhaa nusu ya wateja, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wapewe fomu mpya, na nusu waendelee na ya zamani. Najua unaogopa kwamba ukikiri shaka utaonekana dhaifu. Mimi naona kinyume. Mkuu aliyekusikia ukitenganisha unalolijua na unalolikisia atakuamini siku utakapomwambia jambo hili ni la hakika, nawe utaihitaji imani hiyo.

Jambo dogo la mwisho: nguzo za grafu yako ya pili zimeanzia 80 badala ya 0, kwa hiyo tofauti ndogo inaonekana kama mlima. Rekebisha kabla mtu hajaiona.

Nitumie ukurasa wa kwanza peke yake kabla ya kikao kijacho, hata kama bado ni rasimu. Mpe kwanza mwenzako wa idara nyingine ausome, kisha umuulize anadhani unaomba nini. Jibu lake niandikie jinsi alivyolisema, usilinyooshe.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako daima.