Kwa sahibu yangu uliyeachiwa sufuria

Kisauni, Mombasa
Jumamosi usiku

Sahibu yangu,

Assalam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasikia huko nyuma mtoto analia na mwingine anasema "Baba, inaungua", nikaacha kucheka. Swali lako lilikuwa moja tu: "Yakhe, wewe jioni huwapikia nini?" Nikaona hili si la kujibiwa kwa simu nimebanwa ndani ya matatu. Sasa nimekaa. Watoto wamelala, mama yao ameingia zamu ya usiku, na maharagwe nimeshayaloweka. Hilo la maharagwe likumbuke, nitalirudia.

Kwanza nikueleze nilivyoanza, usije ukadhani mimi nilizaliwa na mwiko mkononi. Mama watoto alipopangiwa zamu za usiku nilimwambia aende zake, nyumba niachie mimi. Wiki hiyo Jumatatu tulikula chipsi, Jumanne chipsi na soseji, Jumatano chipsi bila soseji. Alhamisi nikaona haya, maana muuzaji alianza kunifungia kabla sijafungua mdomo. Nikasema leo napika. Nikapita dukani nikachukua kilo ya maharagwe makavu, nikakaa kwenye msongamano wa Daraja la Nyali kama kawaida, nikafika nyumbani saa moja kasorobo. Nikayaosha, nikayateleka.

Saa mbili yalikuwa kama kokoto. Saa mbili na nusu nikaongeza maji. Saa tatu moto ukaanza kupepesuka, ukafanya pu, ukazima. Gesi imekwisha. Nikatoka uani kuwasha jiko la makaa, nikarudi ndani kuita mtu aje anipepee, nikawakuta wote watatu wamelala mkekani, mkubwa bado na sare ya shule, mdogo kashika kijiko. Nikawaamsha mmoja mmoja nikawanywesha maziwa na mkate, wanatafuna macho yamefungwa. Asubuhi yule binti wa kati, kabla hata ya kuamkia, akaniuliza: "Baba, yameiva?"

Tangu siku hiyo ndipo nilipojua kwamba kupika si kazi. Kazi ni kufika mlangoni baada ya magharibi, miguu inauma, watoto wana njaa, halafu ndiyo kwanza unajiuliza leo tule nini. Swali hilo likikukuta saa hiyo limekushinda, utaishia kwa mwenye chipsi. Mimi nimelihamisha. Najiuliza Jumamosi, nikiwa nimeshiba viazi karai vya pale njia panda, maana Jumamosi jikoni kwangu hakupikwi.

Basi Jumamosi usiku naloweka. Jumapili asubuhi namwaga maji ya kulowekea, natia mapya, nateleka sufuria kubwa moja. Huku yanachemka nafua sare, napiga pasi, nagombana na watu. Mama watoto ana sharti moja na usilipuuze: maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu, yarukeruke, dakika 10 kwenda mbele, ndipo upunguze moto. Yana sumu yakiwa mabichi, na moto wa kuvizia hauiui. Mtu akila yasiyoiva sawasawa anashinda chooni. Na kwa joto letu usiyaloweke tangu mchana ukayasahau. Ukiamka ukayakuta yametoa povu, yamechacha hayo. Mimi nayaloweka nikikaribia kulala.

Yakiiva nayagawa bakuli tatu za vifuniko. Moja inakaa friji kwa ajili ya Jumatatu, mbili zinaingia friza. Jumatatu jioni kazi iliyobaki ni kitunguu kimoja, tungule mbili, thomu, manjano kidogo, unamimina maharagwe, unatia tui. Kabla sijavua viatu sufuria iko motoni. Chapati nanunua kwa jirani anayezipika pale nje jioni. Ukisikia mtu anakwambia baba anayejua kazi lazima asukume chapati mwenyewe siku ya shule, mwulize yeye watoto wake wanalala saa ngapi.

Tui ndilo litakalokutoa jasho. Kukaa kwenye mbuzi saa moja jioni ukikuna nazi, huku mdogo anakuparamia mgongoni, si jambo la akili. Nazi tatu nazikuna Jumapili hiyohiyo. Mkubwa ana miaka tisa, nimemfunza, anakuna moja na mimi mbili. Wadogo wanapigania maji yake. Nakamua kasimele, lile tui zito la kwanza, naiweka mbali, natia maji ya vuguvugu kwenye machicha nakamua tui la pili, kisha najaza vifuko vidogo, kila kifuko kipimo cha chungu kimoja, vinaingia friza. Tui bichi ukiliacha nje Mombasa hii, jioni limeshachacha. Likitoka friza utaliona limejitenga, maji huku mafuta huku, usiogope, likipata moto ukalikoroga linarudi. Tui jepesi ndilo la kupikia. Kasimele inaingia mwisho, moto mdogo, upawa usitulie na kifuniko usiweke. Ukiligeuzia mgongo likachemka kwa fujo, linakatika. Watoto watalila vilevile, lakini siku mkweo yuko hapo utajuta. Na siku umekwama kabisa, la pakiti lipo dukani, hakuna atakayekushtaki.

Sasa nisikilize kwa pojo. Ndengu, kama wanavyoziita watu wa bara. Hii ni mboga ya waliosahau kuloweka, na sisi wawili tutasahau mara nyingi. Unachagua vijiwe, unaosha, unateleka, nusu saa mpaka dakika arobaini zimepasuka. Tui, kitunguu, chumvi, basi. Kwa wali, kwa chapati, hata mkate mkavu. Kitinda mimba wangu, ambaye kila chakula anakiangalia kwanza kama anakagua pasipoti, pojo anakula mpaka anaramba sahani. Jumatano kwetu ni pojo na sijasikia mtu analalamika.

Samaki inategemea upepo. Saa hizi kusi imeshika, bahari ni chafu, ngalawa haziendi mbali na wavuvi wakirudi na kidogo bei unaijua. Miezi hii Jumanne yangu ni sima na mchicha wa nazi, au dagaa. Kaskazi ikirudi ndio narudi kwa samaki. Kwa watoto wadogo chukua nguru, mwambie muuzaji akukatie vipande. Mfupa mkubwa uko katikati, unauona na kuuondoa. Tafi na changu ni watamu, hilo sibishi, lakini miba yake utaichambua mpaka isha, na mwanao mmoja akikwamwa utakimbia naye hospitali na wali umeungua. Tafi kula wewe siku wamelala. Hata huyo nguru, kipande chao mimi nakipitisha kwanza baina ya vidole. Ndimu, chumvi, thomu, manjano, unakaanga, unamwagia tui juu. Si samaki wa kupaka wa bibi yako wa kuchomwa juu ya makaa. Ni wa Jumanne.

Pilipili usitie chunguni. Hili lilinichukua mwezi mzima kulikubali, maana kwangu mchuzi bila pilipili ni maji ya moto. Nilikuwa napika sufuria mbili, yangu na yao, naosha sufuria mbili saa nne usiku. Sasa chungu ni kimoja, na pilipili ya ukwaju na achari ya embe ziko kwenye bakuli lake mezani, mbali na mikono midogo. Kila mtu anajichomea kwa hiari yake.

Na wali. Hapa tuligombana mimi na mama watoto. Wewe na mimi tumekua na wali kiporo, umefunikwa kawa usiku kucha, asubuhi unaliwa na mbaazi. Yeye hataki kuusikia. Anasema kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukilala nje kwenye joto vinaamka, vinatoa sumu, na hiyo sumu hata ukiupasha upya haiondoki. Nikamwambia mbona sisi hatukufa. Akaniuliza: "Unakumbuka kila siku uliyoumwa tumbo utotoni, na sababu yake?" Nikanyamaza. Sasa unaobaki tunautandaza kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja umeingia friji, unaliwa kesho yake, unapashwa mara moja tu mpaka utoe moshi. Unaobaki tena ni wa kuku wa jirani.

Ila ukoko hauponi. Hapo lazima uwe na kadhi nyumbani. Wangu wana zamu: leo ukoko wa huyu, kesho wa yule, na mkubwa ameandika majina kwa kalamu ya risasi ukutani nyuma ya mlango wa jikoni. Mama yao hajauona huo ukuta bado.

Alhamisi nguvu zimekwisha, na mimi sijifichi. Ni mayai. Au chapati za maji: unga, yai, maji, chumvi, unakoroga mpaka uwe mwepesi kama uji, unamwaga kwenye chuma kilichopata moto. Hiyo kazi ya kukoroga ni ya binti wa kati na hataki msaidizi. Anapanda juu ya kigoda, ulimi nje, anakoroga kama anapiga ngoma, unga mpaka kwenye nyusi. Mimi namwaga, yeye anahesabu mashimo yanayotokea juu, akisema "sasa" ndio nageuza. Ya kwanza huchanika siku zote, na kwa sheria yake iliyochanika ni ya baba. Ijumaa mchana tuna pilau kwa mamangu, tunarudi na kibakuli, usiku hakupikwi.

Uliuliza pia kuhusu mtoto asiyetaka mboga. Sina dawa. Ninachofanya ni kutopika chungu cha pili. Kilichopo ndicho, na mchicha namwekea kijiko kimoja pembeni ya sahani, simbembelezi wala simtishi. Amekiacha mara nyingi hicho kijiko. Juzi nimegeuka kuchukua maji, nimerudi hakipo. Sikusema kitu, nimeogopa kumshtua.

Na watu watasema, ujiandae. Mzee mmoja wa barazani aliniona nabeba mchicha akaniuliza kama mke wangu amesafiri. Nikamwambia yuko kazini, mimi ndiye mpishi. Akatikisa kichwa, akakohoa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini pojo zangu natia nini, maana zake zinakuwa nzito kama lami. Tukakaa robo saa pale tunazungumza habari za tui.

Wewe una feri ya kuvuka, najua, na foleni ya Likoni haina mwenyewe. Basi usianze na wiki nzima. Anza na bakuli hizo tatu za maharagwe na vifuko vinne vya tui, uone Jumatatu itakavyokuwa. Kama huna mbuzi, nina wa pili hapa, mguu mmoja umelegea lakini unakuna. Nitakuletea.

Hii karatasi nitaipiga picha nikutumie sasa hivi, nisikucheleweshe, maana kesho Jumapili. Ukiipata bado hujalala, nenda kaloweke.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Kisauni