Kiitaliano kianzie Iringa, si Perugia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na walezi wa Iringa, Njombe na Mbeya wanaojiandaa kumpeleka kijana kusoma Kiitaliano huko Italia. Fedha nyingi hupotea kwa sababu maandalizi yote huishia kwenye viza na tiketi ya ndege. Lugha yenyewe huachwa ikamngoje Perugia au Siena, kwenye vyuo vikuu vya wageni vinavyoifundisha kuanzia A1, ngazi ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa.

Anayefika hajui kitu hupimwa na kuwekwa A1. Shahada zinazofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida zinadai B2. Muda wote wa kupanda ngazi hizo kijana anakula, analipa pango na ada ya kozi kwa euro. Na ile misaada ya masomo ya mikoa ya Italia, inayotolewa kwa kuangalia kipato cha familia, ni ya waliosajiliwa kwenye shahada. Aliye kwenye kozi ya lugha peke yake haimhusu, jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimeshauza shamba.

Mswahili ana mahali pazuri pa kuanzia. Irabu hazimsumbui, na kivumishi kufuata jina amekizoea kwenye ngeli. Kinachomkwamisha ni konsonanti zinazorudiwa: sete ni kiu, sette ni saba, na tofauti ni kuishikilia ile t kidogo. Kingine ni maandishi: c ikitangulia e au i husomwa ch, na ch husomwa k, hivyo chiesa, yaani kanisa, hutamkwa kiesa. Macho yaliyozoea Kiswahili hukosea hapo muda mrefu. Halafu kuna heshima. Rafiki na mtoto huitwa kwa neno "tu", yaani wewe, lakini karani, mwalimu, mwenye nyumba na mtu mzima usiyemjua ni "Lei", wewe ya heshima, na kitenzi huenda nafsi ya tatu. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo akielezwa mara moja anaelewa. Asipoelezwa, atamsemesha ofisa wa uhamiaji kama rafiki yake wa shule.

Ofisa huyo atakutana naye mapema. Mwenye viza ya masomo ya muda mrefu anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi, permesso di soggiorno, ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Bahasha ya fomu huchukuliwa posta, kwenye matawi yenye dirisha la Sportello Amico, na hurudishwa hapo hapo ikiwa wazi, haijagundishwa, kwa kuwa karani lazima akague pasipoti na karatasi. Ndani viwemo vivuli vya pasipoti, barua ya chuo, bima ya afya na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Gharama ni stempu ya euro 16, huduma ya posta euro 30, kadi yenyewe euro 30.46, na mchango wa euro 40 kwa kibali kisichozidi mwaka. Hapo hupewa risiti na tarehe ya kwenda polisi, Questura, kuchukuliwa alama za vidole. Kadi inaweza kuchukua miezi. Risiti itunzwe kama pasipoti, na ieleweke kwamba viza ya kwanza ikishaisha muda, risiti hiyo haimruhusu kwenda kutembea Ufaransa wala Austria.

Bima ndiyo inayowaumiza wengi. Tangu 2024 mwanafunzi anayejiunga kwa hiari na huduma ya afya ya taifa hulipa euro 700 kwa mwaka, na mwaka huo ni wa kalenda. Akilipa Oktoba, bima inakwisha 31 Desemba na fedha haigawanywi kwa miezi. Kwa anayefika vuli, bima binafsi inayokubalika kwa kibali ndiyo busara mpaka Januari.

Kuhusu chumba, asitume amana kabla hajakiona au hajapata mtu wa kukiona. Mkataba wa mwanafunzi, wa miezi 6 hadi 36, lazima usajiliwe kwenye mamlaka ya kodi. Usiosajiliwa humnyima uthibitisho wa makazi. Aulize pia kama pango lina gesi ya joto ndani yake. Anayetoka Makete anajua baridi, ila hajazoea nyumba ambayo joto lake lina ratiba ya sheria: Perugia huwashwa kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 14 kwa siku. Nguo zikianikwa chumbani na madirisha yakifungwa kutwa, ukutani panaota ukungu, na mwenye nyumba hukata gharama kwenye amana.

Kutembea nako kupangwe, maana ni nusu ya somo. Makumbusho ya serikali hayana kiingilio Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ile bei ya euro 2 ya vijana wa miaka 18 hadi 25 ni ya raia wa Umoja wa Ulaya, Mtanzania asiitegemee. Makumbusho ya Vatikani ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, asubuhi, na foleni huanza mapema sana. Assisi ni chini ya nusu saa kwa treni kutoka Perugia, lakini kituo kiko bondeni, Santa Maria degli Angeli, na basi ndilo linalopanda mjini. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Na kijana wa Iringa asikose Torino, kwenye kanisa la Consolata na kaburi la Mtakatifu Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu 20 Oktoba 2024. Shirika alilolianzisha huko mwaka 1901 ndilo lililoleta wamisionari wake kwetu mwaka 1919.

Kwa ujirani huo wa zaidi ya miaka mia, Iringa haina sababu ya kukosa darasa la Kiitaliano la jioni. Wapo mapadre, masista na wauguzi waliosoma Italia. Ukumbi wa parokia, jioni tatu kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila jioni, kwa miezi minane, ni karibu saa 190, zinazoweza kumfikisha kijana mwenye bidii A2 kabla hajanunua tiketi. Naomba viongozi wa parokia za Mshindo na Kihesa walifikirie, darasa lianze Januari kwa wanaokusudia kuondoka Septemba.

Mdau wa elimu,
Kihesa, Iringa