Viyoyozi vya Tanga vikaguliwe baada ya kufungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kanuni za matumizi bora ya umeme katika viyoyozi vya hoteli, benki na ofisi za hapa Tanga. Mjadala huishia kwenye lebo ya dukani ya matumizi ya umeme, ambayo hueleza hali ya kiyoyozi kipya. Kwetu upepo wa bahari una chumvi. Hula mapezi ya alumini, yaani vibati vyembamba vya kutolea joto, ya mtambo wa nje, joto likashindwa kutoka, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, ikala umeme zaidi kwa ubaridi uleule. Aghalabu fundi huitwa aongeze gesi tu, ilhali gesi haipungui pasipo kuvuja!

Naishauri Halmashauri ya Jiji, pamoja na Wizara ya Nishati, idai kumbukumbu za usafishaji na vipimo vya umeme kila mwaka, ikianzia majengo ya serikali.

Msomaji,
Chumbageni, Tanga