Barua kwa Nafula kuhusu Egerton na Kabarak

Shabab,
Nakuru.

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Nasimiyu na kwa wote nyumbani Bungoma. Nimefurahi mno kusikia kwamba binti yetu Nasimiyu ameitwa na vyuo viwili kusomea sheria, na kwamba vyote viwili viko huku kwetu Nakuru. Umeniomba nikwambie waziwazi ni kipi kinachomfaa kati ya Egerton na Kabarak. Mimi ningempeleka Egerton, na ni haki yako kujua sababu.

Kwanza usiyumbishwe na ubishi wa majina, maana hapa kila familia ina upande wake. Wa Egerton watakukumbusha kwamba chuo chao kilianza Njoro mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Wa Kabarak, kilichopata hati yake mwaka 2008, watakusifia nidhamu na misingi ya Kikristo. Yote ni kweli, lakini sifa ya kilimo haimfundishi mtu sheria ya mikataba. Swali la kuuliza kila chuo ni kama idhini yake kutoka kwa Baraza la Elimu ya Sheria ingali hai, kwa sababu baada ya miaka minne ya shahada Nasimiyu atalazimika kupitia Kenya School of Law, shule inayowaandaa mawakili, kabla ya kuapishwa kuwa wakili, na huko wahitimu wa vyuo vyote hukutana kwenye mtihani uleule.

Kitivo cha sheria cha Kabarak nakiheshimu sana. Wana jarida lao la kisheria, na wanafunzi wao hushiriki mashindano ya mahakama ya kuigiza, ambako mtoto mwenye haya kama wetu angejifunza kusimama na kutetea hoja mbele ya watu. Chuo kiko yapata kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, upande wa Eldama Ravine, mbali na kelele za mji. Najua jambo hilo linamtuliza Baba Nasimiyu, wala simlaumu.

Hata hivyo, Nafula, linaloninyima usingizi ni karo. Egerton ni chuo cha umma, na chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, mwanafunzi aliyepangiwa huko na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, anaweza kupata ufadhili wa serikali pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kulingana na hali ya familia yake, ilhali anayechagua chuo cha kibinafsi anabaki na nafasi ya kuomba mkopo tu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mwaka huu miwa haikulipa na kwamba wadogo zake wawili wako sekondari. Mwaka wa kwanza mtachanga, mtafanya harambee, mtauza hata ng'ombe, na watu watajitokeza kwa moyo. Mimi nauhofia mwaka wa tatu, wakati wachangaji wamechoka na mtoto anaambiwa hawezi kufanya mtihani mpaka salio limalizwe.

Utaniuliza kuhusu migomo, na una haki. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, na wanafunzi wakakaa nyumbani. Ni hasara kubwa, sitaipunguza. Lakini mgomo ukiisha darasa zima hurudi pamoja, wahadhiri wakafidia vipindi, ilhali aliyekosa karo huachwa nyuma peke yake huku wenzake wakisonga mbele.

Kuna jambo la pili, dogo kuliko hilo, ila mimi nalithamini. Egerton hufundishia sheria kwenye kampasi yake ya mjini, na hapa mjini tuna Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako kesi husikilizwa hadharani. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuketi nyuma akamsikiliza wakili akimhoji shahidi, kisha awahi kipindi cha mchana.

Kinachoweza kunibadilisha nia ni kaka yako wa Eldoret. Kama ahadi yake ya kulipa karo ya Kabarak ni ya miaka yote minne, na ameitoa mbele yenu wazazi na wazee, basi mpelekeni Nasimiyu Kabarak bila hofu. Kama ni ya muhula wa kwanza tu, mshukuruni kwa heshima na mumwombe fedha hizo zisaidie chakula na nyumba ya kupanga hapa mjini, kwa sababu gharama hizo zitamkuta hata Egerton.

Kabla hamjajibu barua yoyote ya chuo, mlete binti yetu kwangu siku za wiki, masomo yakiwa yanaendelea. Nitampeleka kotekote azungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, awaulize ni wahadhiri wangapi hufika darasani na matokeo huchukua muda gani kutoka. Chumba cha wageni kiko tayari. Nipigie simu mtakapokuwa mnapanda matatu, niwapokee stendi.

Rafiki yako wa siku zote,
Chemutai