"Mapanga tu ndiyo hayapo, fundi"

Simu nyingi tunazopigiwa kuhusu pampu za upepo, zile zinazovuta maji kisimani kwa nguvu ya upepo, huanza hivyo. Tukifika shambani tunakuta mnara umesimama, gurudumu limebaki na mapanga saba kati ya 18, mkia hauonekani, na mwenye shamba ameshapiga hesabu ya bati na ya fundi wa kuchomelea. Mapanga yanaonekana ukiwa chini, ndiyo maana yanahesabiwa. Lakini sisi hatujawahi kumwambia mteja aachane na mtambo wake kwa sababu ya mapanga. Kinachotufanya tuseme hivyo ni bati moja la juu ambalo hakuna anayelitaja kwenye simu: kofia ya giaboksi.

Chini ya kofia hiyo gia zinaogelea kwenye oili. Kwa mitambo ya aina ya Aermotor, iliyoanzia Chicago mwaka 1888, gurudumu huzunguka zaidi ya mara tatu ndipo fimbo ya pampu ipande na kushuka mara moja, na oili yake hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Kofia ikipeperushwa au ikichukuliwa na mtu, mvua inaingia. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanatua chini na kuisukuma oili juu hadi imwagike yote. Masika mawili matatu yanatosha.

Kwenye shamba moja nje kidogo ya Singida tulipanda tukakuta nyigu wamejenga ndani ya giaboksi. Tulipomalizana nao (walitutoa mnarani mara mbili) tukakuta kitu kizito, chekundu kama uji wa ulezi. Ilikuwa kutu iliyochanganyika na mabaki ya oili. Gia kubwa zipo mbili, zinafanya kazi bega kwa bega. Ya kushoto meno yake yalikuwa bado mapana, ya kulia yamelika hadi kuwa makali kama kisu. Mteja akasema tubadilishe ile mbovu tu. Tulikataa. Ukiweka gia mpya pembeni ya iliyochakaa, mzigo wote unaegemea upande mmoja, mikono inayonyanyua fimbo inapinda, na mwaka haujaisha unarudi juu kwa kazi ileile. Gia hizi tunabadilisha zote mbili pamoja na pinioni zake, yaani gia ndogo zinazozizungusha, au hatugusi.

Kazi ya kwanza, basi, ni kujua mtambo ni wa nani. Jina la kampuni kwa kawaida huandikwa kwenye mkia, na mkia ni bati zuri, pana, kwa hiyo ndio huwa wa kwanza kuondoka. Tunasugua kutu kwa brashi ya waya tutafute namba zilizotoka na kalibu kwenye vyuma vyenyewe. Ikiwa ni Aermotor 702, una bahati. Muundo huo ulitoka mwaka 1933 na vipuri vyake bado vinatengenezwa Texas, ingawa usafiri unaweza kuzidi bei ya kipuri. Kwa mitambo mingine, kama Southern Cross ya Australia, mara nyingi tunaanza kwa kutafuta mtambo mfu wa aina hiyohiyo, tuunyofoe. Kisichopatikana, tunakisubu, yaani tunakimimina upya kwa chuma kilichoyeyushwa.

Kwenye kusubu ndipo watu wengi wanapotupa hela. Fundi anachukua kipande kilichovunjika, anakiunganisha, anakikandamiza kwenye mchanga na kumimina chuma. Chuma cha kusubu kikipoa husinyaa, takriban milimita 1 kwa kila 100. Kipande cha sentimita 30 kinatoka pungufu ya milimita 3, matundu ya bolti hayaonani, halafu mtu anaanza kuyapanua kwa gasi. Bado hujahesabu kwamba kipande cha mfano chenyewe kilikuwa kimelika. Sisi tunachonga mfano wa mbao uliozidishwa kipimo, tunasubu, ndipo kinakwenda kwa fundi wa kukereza. Inachukua muda, na tunaomba usitupigie kila siku.

Mapanga yenyewe si kazi ngumu, ila usikate bati bapa ukalifunga kwa bolti. Panga lina mkunjo, na limekaa kwa pembe yake. Tunahitaji moja zuri la kunakili. Mahali pamoja tulilikuta limekuwa paa la banda la kuku, limetobolewa misumari miwili, lakini mkunjo wake ulikuwa bado ni wa kiwandani. Yaliyobaki mnarani yote yalikuwa yamenyooshwa na upepo. Tukishatengeneza, tunapima kila kipande cha gurudumu kwenye mizani ya bucha, maana gurudumu lenye upande mzito linatikisa mnara mpaka nati zinafunguka zenyewe.

Kuna kosa letu ambalo ni vizuri ulijue. Gurudumu hukaa kando kidogo ya mhimili wake, na mkia hushikwa na springi. Upepo ukizidi, unaishinda springi, gurudumu linageuka ubavu na kupunguza kasi. Siku moja springi ya asili haikuwepo, tukafunga nyingine nene tuliyoiokota kwenye chuma chakavu. Ilionekana imara. Kiangazi upepo ulipokuja kwa nguvu springi haikulegea, gurudumu likaendelea kuutazama upepo uso kwa uso, na asubuhi tulikuta mapanga shambani kwa jirani. Ujue upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Tulilipa gurudumu lote. Sasa springi tunaipima kwa kuivuta na uzito kabla haijapanda mnarani.

Kabla ya yote hayo tunashuka kwanza kisimani. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 7, fimbo ikipanda sentimita 20, hutoa kama robo tatu ya lita kila mpigo. Kwa mipigo 30 kwa dakika ni zaidi ya lita 1,300 kwa saa. Lakini vikombe vya ngozi vinavyoziba ndani ya silinda vikikauka na kupasuka, mtambo utazunguka vizuri kabisa juu huku tenki likibaki kavu.

Kuna wakati tunamwambia mteja anunue sola. Giaboksi ikiwa imeoza na vyuma vya mshazari vya mnara vimeshakuwa mageti ya kijiji, kuufufua mtambo ni kumaliza hela zako. Tumepoteza kazi kadhaa kwa kusema hivyo.

Ukitaka tukupe makadirio, tutumie picha ukiwa chini. Usipande. Mnara uliopungukiwa vyuma unaweza kuyumba, na gurudumu lisilofungwa linageuzwa na upepo mdogo tu likakupiga kichwani. Piga picha miguu minne ya mnara pale inapoingia ardhini, waya wa breki kama upo, mdomo wa kisima, na giaboksi kwa kuvuta kamera ya simu hadi tuone kama kofia ipo. Na pitia banda la kuku, ukiona bati lenye mkunjo, lipige picha hilo pia.